Mgeni wako wa Ureno, na huo mji wetu

Mwanangu mpendwa,

Nimepata meseji yako ndefu na nimefurahi sana kusikia huyo rafiki yako wa Ureno anakuja kweli, atalala kwako hapo Migosi wiki nzima halafu Jumamosi inayofuata mtakuja naye huku Seme nimwone. Hiyo ya kuja huku usiniulize tena, karibuni, kuku wako na mahali pa kulala pako. Lakini kuna kitu umeandika kimenikaa rohoni. Umesema hujui hata utampeleka wapi juu Kisumu hakuna kitu, labda mzunguke kwa mall mkule pizza halafu siku zingine mkae tu kwa nyumba, na ukaongeza ati hutaki apite Kondele wala Nyalenda asije akaona aibu yetu. Sasa mama, tafuta mahali ukae usome hii barua pole pole, ni ndefu, juu hayo maneno siwezi kuyaacha yapite hivyo tu.

Aibu gani? Wewe umezaliwa huo mji, ukalelewa na pesa ya omena, hao dagaa wetu wa ziwani, niliyokuwa nikipima na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, hapo soko la Kibuye, ukasoma nayo, ukavaa yunifomu nayo. Hapo Nyalenda unapoficha ndipo nilikuwa naishi na babako kabla hujazaliwa, chumba kimoja cha mabati, na majirani waliokuja kunishika mkono usiku uchungu wa kukuzaa uliponianza walitoka huko huko. Mgeni anaona mji na macho ya mwenyeji wake. Ukimtembeza kama mtu anayeomba msamaha, ataondoka akijua Kisumu ni mahali pa kuombewa msamaha, na hilo mimi sitaki, na nikikuangalia vizuri najua hata wewe hutaki.

Mall hata kwao ziko, na ni kubwa kuliko hizo zetu. Akitaka kubadilisha pesa ama kununua dawa ya mbu mpeleke, mkimaliza mtoke. Hakukata tiketi kutoka huko Lisbon kuja kuangalia viatu kwa kioo.

Umesema atapanda ile treni ya usiku ya Ijumaa kutoka Nairobi. Hapo nimefurahi zaidi kuliko angekuja na ndege, juu ndege ni chini ya saa moja tu, analala kidogo anaamka yuko uwanja wa ndege upande wa Kisian, lakini treni inamleta vile mji wenyewe ulikuja. Hiyo treni ya abiria ilikuwa imesimama miaka mingi ikarudishwa Desemba 2021, na inapita reli ile ile ya zamani iliyofika ziwani Desemba 1901. Babu yako alikuwa fundi wa reli na hiyo hadithi alitupa tukiwa wadogo, ati hapo mwisho wa reli palipewa jina Port Florence, jina la mke wa Preston, yule mhandisi aliyekuwa akisimamia kazi ya kulaza mataruma, na mji ukaanzia hapo hapo, bandari upande mmoja na steji ya treni upande mwingine, mizigo ikitoka kwa behewa inaingia kwa meli inaenda Uganda. Kwa hivyo ukienda kumpokea asubuhi ya Jumamosi usimkimbize kwa tuktuk, wacha asimame hapo kwanza. Mwambie ndugu zangu wa Uganda walipata chumvi na vitambaa vyao kupitia hapo alipokanyaga, na hata miaka ya juzi juzi ile meli ya MV Uhuru inayobeba mabehewa imefufuliwa ikaanza tena kupeleka mafuta ng'ambo.

Halafu mpeleke nyumbani aoge, ale chai na mandazi, alale. Joto la Kisumu saa saba mchana linamaliza mgeni, usianze kumtembeza siku hiyo hiyo, hata wewe ukitoka safari hutaki hivyo.

Kuna mambo ya mapema nataka uyamalize kabla hajafika. Wewe ni msichana unaishi peke yako na huyu mtu mmejuana kwa simu, kwa hivyo hata kama ni mzuri namna gani nataka binamu yako aje alale hapo hizo siku za kwanza, na umpigie video kabla hajasafiri umwone uso, aone nyumba yako pia, ajue choo kiko nje na maji yanaenda siku zingine ndiyo asishtuke. Mwambie landilodi. Mwambie mzee wa nyumba kumi pia, si kumwomba ruhusa, ni kumjulisha tu, juu mzungu akionekana kwa ploti maneno yanatembea haraka na ni heri yatoke kwako. Na majirani uwasalimie naye hiyo jioni ya kwanza mlango kwa mlango, mtu akishasalimiwa anakuwa mlinzi wako.

Malaria usicheze nayo kabisa. Sisi huku ziwani iko mwaka mzima, si ya msimu kama kwingine. Muulize kama daktari wa kwao amempa dawa za kuzuia, na kama amepewa azimeze zote mpaka mwisho hata akisharudi, wazungu wengi wakifika tu kwao wanaacha. Neti yako ile iko na shimo upande wa miguu, ishone. Na umwambie hivi, hata akiwa amerudi Ureno wiki kadhaa zimepita, akisikia homa aende hospitali siku hiyo hiyo aseme ametoka Ziwa Victoria, juu daktari wa huko anaweza kufikiria ni mafua tu. Kama atapitia Uganda aulizie mapema ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano, mpakani wanaitaka. Na mifuko ya plastiki asifunge nayo nguo kwa begi, hapa kwetu ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, wengi bado hawajui mpaka wafike.

Sasa Jumapili. Jumapili ni Kibuye, hakuna mjadala, juu ndiyo siku kubwa, watu wanatoka mpaka Siaya, Vihiga na Kakamega kuja kuuza. Mwende mapema kabla ya jua. Usimpitishe kwa barabara tu ukimwonyesha kwa mbali, ingia naye ndani kabisa, kwa mitumba, kwa wale wa kugonga mabati wanaotengeneza majiko na masanduku, kwa wauza kamba na vyungu, kwa wamama wa mboga. Mwonyeshe osuga, dek, apoth, mwambie hii ni chungu tunapikia maziwa na inalazwa ndiyo ukali utoke. Mpeleke kwa ile laini yetu ya omena, bado kuna wamama wawili watatu wananijua, uwaambie wewe ni msichana wangu uone vile mtakaribishwa. Waambie wamfundishe kuchagua, omena nzuri inang'aa kama fedha na haina mchanga, iliyonyeshewa ikianikwa inakuwa nyekundu nyekundu inaanza kunuka, hiyo ni ya kulisha kuku. Mwache apime mwenyewe na gorogoro, mwache abishane bei na Kiswahili chake kidogo. Hapo ndipo atakumbuka, nakwambia, kuliko picha zote.

Na kwa picha mama nisikilize vizuri. Asipige mtu bila kumwuliza. Najua ataona watoto wanakimbia wakimwita mzungu mzungu na simu itatoka tu mfukoni, lakini hao ni watoto wa watu, wako na mama na baba, na kwao huko mtu akipiga mtoto wa wenyewe picha barabarani ataulizwa. Mwambie mapema kwa upole kabla hajakosea, mkiwa bado kwa nyumba, si mbele ya watu. Pesa na peremende za kugawa barabarani pia umkataze hapo hapo. Akitaka kusaidia anunue kitu, anunue nyanya kwa bei yake, mama wa nyanya anataka mteja, hataki huruma.

Bei najua watampandishia, uso wake tu unapandisha bei. Wewe ongea kwanza, yeye alipe. Na hapo kwa kulipa muongee wazi siku ya kwanza, usione haya, mwambie kulala ni bure, chakula cha nyumbani ni changu na chako, nauli na mashua kila mtu ajilipie. Lakini usimwombe kitu. Hata akikuona unapungukiwa, hata akijitolea, wewe si mwongoza watalii unayemwekea mkono, wewe ni mwenyeji, na kesho kutwa unaweza kuwa wewe ndiyo unalala kwake.

Ziwa ndiyo jambo kubwa na hapo wengi wanaharibu, wanampeleka mgeni Hippo Point saa tisa mchana, jua linawaka, upepo umeanza, maji yamechafuka, kiboko haonekani, wanapigwa picha wanarudi. Nenda Dunga asubuhi na mapema, saa kumi na mbili hivi, mashua za omena zinarudi, hao wanaume wamekaa usiku mzima na taa juu ya maji, wamama wako pale na beseni wanangoja, kelele ni nyingi na bei inabadilika hapo hapo ukiangalia. Asubuhi ziwa limetulia, alasiri ndipo upepo unaingia na mawimbi yanainuka, kwa hivyo mashua ni ya asubuhi. Kuna vijana wa Dunga wenyewe wanaongoza wageni, wanajua ndege wa kwenye mafunjo mmoja mmoja kwa majina, na wengine hao ndege hawakai mahali pengine isipokuwa ndani ya mafunjo tu, kuna mmoja mwekundu kifuani na njano kichwani anaimba akijificha, watu wanatoka mbali kumtafuta huyo. Patana bei kabla hamjapanda, na mtu yeyote asipande bila jaketi ya kuokoa maisha, hata nahodha akicheka. Miguu asiweke majini kule pembeni, kichocho kiko kwa konokono wa ukingoni, na kiboko akiwa na mtoto hapendi mchezo.

Akiuliza habari ya ziwa umwambie ya kweli yote, usimpambie. Ni kubwa, kilomita za mraba karibu 68,800, ni la pili duniani kwa maziwa ya maji matamu, lakini sisi Kenya tuko na kasehemu tu, kama asilimia 6, kubwa liko Tanzania na Uganda, na maji yake yanatokea Jinja yanaenda kuwa Nile. Mwambie mbuta, yule samaki mkubwa, hakuwa wetu, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akanenepa akala fulu, wale samaki wadogo wa ziwa, wengi mpaka aina nyingine hazionekani tena, watu wakapata pesa ya kuuza minofu nje lakini dani yako, nyanyako, alilia ile ngege, tilapia ya zamani, mpaka akafa. Mwambie gugu maji lilikuja kutoka Amerika Kusini, miaka ya 1990 lilifunika ghuba yote mashua zikakwama, na mpaka leo upepo ukigeuka unaweza kulala ziwa liko wazi ukaamka limekuwa kijani kama shamba. Na 2020 maji yalipanda yakaingia mpaka kwa nyumba za watu hapo Dunga, wewe unakumbuka. Haya si ya kuficha. Mtu akikupenda anataka kujua unaumwa wapi.

Samaki mle hapo hapo ufuoni lakini uchague wewe mwenyewe. Siku hizi sokoni kuna ile ya barafu kutoka China imejaa, na mgeni hawezi kujua. Fungua shavu uone kama ni jekundu, angalia jicho liwe angavu limetokeza nje, bonyeza na kidole nyama irudi juu, ikibaki na shimo achana nayo. Iliyofugwa kwa vizimba huko ziwani si mbaya, iko freshi, mafuta tu ndiyo yamezidi. Mwambie mpishi akaange kwanza kavu halafu aiweke kwa nyanya na kitunguu, mzima mzima na kichwa, ugali moto, mboga, pilipili pembeni. Wareno wanakula samaki sana huko kwao, nilisikia kwa redio, kwa hivyo hapo mtaelewana. Na asiulizwe kama anataka uma. Mwonyeshe kunawa, mwonyeshe kumega ugali na kuubonyeza na kidole gumba, wacha achafuke.

Hizo zingine nitapita haraka. Impala pale karibu na ziwa inatosha saa moja ama mbili, mwonyeshe sitatunga, yule swala wa kwenye majimaji. Museumu ilifunguliwa 1980 na iko na boma zima la kijaluo, nyumba ya mwenye boma na za wake zake na simba, ile nyumba ya kijana mkubwa, umpeleke huko kabla ya kuja Seme ndiyo akifika kwangu ajue kwa nini nyumba ya kakako iko karibu na geti na yangu iko huku juu. Kisiwa cha Ndere ni kizuri lakini mashua ni ghali, mkiwa na pesa nendeni. Maseno mnaweza kupita mkasimame kwa ile alama ya ikweta, mguu mmoja kaskazini mguu mmoja kusini, wageni wanapenda hiyo sana.

Taoni mtembee kwa miguu. Anza kwa ile saa ndefu ya mnara hapo barabara ya Oginga Odinga, watu wanaipita kila siku hawasomi kilichoandikwa. Ilijengwa 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, Mhindi aliyefika Afrika Mashariki 1871. Mwambie Wahindi walijenga huu mji pamoja na sisi, hizo duka zenye majina na miaka juu ya mlango ni zao, msikiti wa Jamia na hekalu la Wasikh viko hapo vinasimama, na sambusa za hiyo mitaa unazipenda kuliko mimi. Akitaja kuwa Wareno walikuwa huku Kenya zamani, mwambie ndiyo, Fort Jesus huko Mombasa walianza kuijenga 1593, lakini huku ziwani hawakufika, kwa hivyo yeye ndiye Mreno wa kwanza kwa familia yetu na anapokelewa vizuri.

Halafu kuna Russia. Hapa nataka uchukue muda. Najua mtapita hapo kwa hospitali na utasema tu hii ni hospitali kubwa, Jaramogi, basi. Usiseme basi. Ilijengwa kwa msaada wa Warusi, ndiyo maana mpaka leo tunaiita Russia, na siku ya kufunguliwa, tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Mzee Kenyatta alikuja mwenyewe. Tom Mboya, waziri wetu Mjaluo, alikuwa ameuawa Julai ya mwaka huo huo, watu walikuwa na uchungu, wakapiga kelele, maneno makali yakatupiana kati ya Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, mbele ya umati, halafu walinzi wakafyatua risasi kwa watu. Watu walikufa, watoto wa shule wakiwemo, waliokuwa wamepangwa barabarani kusalimia rais. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi cha KPU kikapigwa marufuku na yeye akafungwa. Dani yako alikuwa kijana wakati huo, alikimbia akipoteza viatu na kitambaa, na hakuwahi kupita hiyo barabara bila kunyamaza. Akiuliza mgeni kwa nini watu wa Kisumu wanapenda siasa hivyo, kwa nini wanakuwa wakali, hiyo ni sehemu moja ya jibu na wewe ndiye wa kumpa, si mtu wa tuktuk, si mtu wa kwa simu. Mweleze bila kumtukana mtu na bila kupunguza. Nataka pia wewe uijue vizuri, juu nimeona vijana wa rika lako mnazaliwa hapo Russia, mnatibiwa hapo, na hamjui.

Kondele basi mpeleke. Jioni, na binamu yako, kabla giza halijaingia sana. Wacha aone vile wanachoma mahindi na nyama, vile ohangla, muziki wetu wa kijaluo, inatoka kwa spika kila kona, vile fundi wa simu amekaa karibu na fundi wa viatu karibu na mama wa chapati. Simu asiitoe toe, begi aliweke mbele, kama mji wowote duniani. Nyalenda mpitie kwa shangazi yako mkanywe chai. Usimtembeze mtaani kuonyesha umaskini, hiyo ndiyo kitu kibaya, kuna watu wanalipisha wageni kuja kuona watu wanavyoteseka na mimi siipendi kabisa. Lakini kutembelea shangazi ni kutembelea shangazi. Akifika hapo awe mgeni wa mtu, akae kwa kiti, aulizwe habari za mama yake, aulize za watoto. Mtaro wa maji machafu ataupita, ndiyo, uko pale, na wewe usimvute macho uende nayo pembeni. Akiuliza mwambie kaunti imeahidi na watu wanangoja, na mwambie pia vile wenyewe wanachangisha kuuzibua mvua ikikaribia.

Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, hapo Dunga ama Hippo Point, siku moja muende tu kwa hiyo peke yake, mnunue karanga, msiongee sana.

Siku zingine asubuhi wewe uko kazini. Usiombe ruhusa wiki nzima, bosi wako namjua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na watu wanadhani ni ukali lakini mimi naona ni heshima. Mtu akikaa tu anahudumiwa anajiona mzigo. Mwachie achambue mchele, achote maji na watoto wa ploti, aende dukani peke yake kununua maziwa na mkate akiulizia njia. Mfundishe saa zetu vizuri tu, ajue saa mbili asubuhi ni saa mbili baada ya jua kutoka, asije akakungoja steji saa nane usiku. Msajilie laini ya simu na pasipoti yake, aweke M-Pesa, atakuwa huru, hatakuwa anakuuliza kila kitu.

Ile siku ya kuja huku, mchukue matatu za Bondo, si za Busia, juu hapo Kisian barabara inagawanyika na mkipanda ya Busia mtajikuta Maseno. Shukeni steji ya Kit Mikayi. Yale mawe tutaenda nayo sote pamoja, mapema kabla ya wale waumini wanaokuja kusali hawajajaa, na hadithi yake usimpe wewe, niachie mimi nimpe tukiwa tumekaa pale chini ya mawe. Aje na viatu vya kukamata, si sandali, na sweta nyepesi, usiku huku kuna kaupepo. Godoro liko. Stima iko siku nyingi, lakini soketi zetu ni za pini tatu nene, kwao ni mbili za mviringo, kwa hivyo anunue ile ya kubadilisha hapo taoni kabla mtoke.

Na umuulize mapema kama anakula kuku wa kienyeji na kama kuna kitu mwili wake unakataa, karanga ama maziwa, uniambie kufikia Alhamisi, juu Ijumaa ndiyo siku ya soko huku na nataka kununua kila kitu mara moja.

Msalimie sana, umwambie mama anamngoja.

Ni mimi mamako,
Seme